Kichwa hakikimbii bila miguu

Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, vijana ninaokimbia nao asubuhi hapa Arusha wamepata swali jipya la kunisumbua. "Mzee, nifanyeje nijiamini kama Simbu?" Mimi si kocha wa mtu. Nimekimbia miaka mingi, mvi zimeanza kuchungulia, basi wanadhani nina siri. Jibu langu huwaudhi: njoo Jumapili saa kumi na mbili tukimbie kilomita 30, kujiamini tutakuongelea njiani.

Nielewe vizuri, sisemi kichwa hakina kazi. Itazame tena video ya zile mita za mwisho. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele, utepe uko palepale, na Simbu bado anamfuata. Wote wawili wakaandikiwa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue, tofauti sekunde 0.03. Mtu aliyetoka kukimbia kilomita 42 kwenye joto na unyevu wa Tokyo, halafu bado anaona upenyo na kuuendea, huyo kichwa chake kimekomaa. Lakini hakikukomaa wiki ile. Alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, akawa wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo, wa 17 Paris 2024, wa pili marathoni ya Boston Aprili 2025. Baada ya Paris wapo waliokwisha kumzika. Yeye akarudi barabarani.

Tuna tabia moja hapa kwetu: tukitaka kumsifu mwanariadha, tunasifu moyo na kusahau miguu. Mfano mkubwa ni John Stephen Akhwari. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya 1968 kule Mexico City, jiji lililo karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mzee wetu alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Maneno hayo tunayajua wote. Kisichosimuliwa ni kwamba walioanza siku ile walikuwa 75 na waliomaliza 57 tu, na kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, Akhwari huyo huyo alishika nafasi ya tano kwa muda wa 2:15. Alikuwa mkimbiaji hasa. Moyo wake ulikuwa na kitu cha kusimamia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoung'ang'ania kuliko yote: kichwa kifanyie mazoezi mwili ukiwa umechoka. Ukikaa kitandani ukajiambia "mimi ni jasiri", hujafanya kitu, maana kitandani kila mtu ni jasiri. Kwenye mbio ndefu ya Jumapili, nakimbia taratibu, wakati mwingine napiga soga na wenzangu, kisha kilomita tano za mwisho naongeza kasi, mapaja yakiwa yameshajaa. Hapo ndipo kelele zinaanza kichwani: punguza, leo si siku yako, mbona yule kaacha. Mtu anayezisikia kelele hizo kila wiki, siku ya mashindano hazimtishi, ni sauti anazozifahamu. Aliyezisikia mara ya kwanza akiwa na namba kifuani anadhani anakufa.

Na mara mojamoja kimbia peke yako, bila muziki, bila simu. Najua hili halipendwi. Lakini kundi hupasuka. Ikifika kilomita ya 30 unaweza kujikuta huna wa mbele wala wa nyuma, na kama hujazoea ukimya wa barabara, utauona huo ukimya kuwa ni ugonjwa.

Wanaokimbia marathoni ya Kilimanjaro watanielewa. Nusu ya kwanza ni barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam na kurudi Moshi mjini, watu wanakimbia kwa bashasha, wanapunga mikono. Halafu mnaelekezwa Mweka, na kilima kinaanza. Nimeona pale watu wenye miguu mizuri kuliko yangu wakitembea, kwa sababu waliinua macho wakatafuta mwisho wa mlima. Mimi siutafuti. Natazama nguzo ya umeme iliyo mbele, nikiifika natazama nyingine. Kilima kinalipwa kama deni la duka la mtaani, kidogo kidogo, na mwenye duka hakasiriki. Hii nayo huwezi kuianza siku ya mbio. Tafuta mlima wa kwenu uizoee njia hiyo huko.

Nije kwenye maneno. Wapo wanaocheka nikisema najisemesha ninapokimbia. Samuele Marcora, mtafiti wa sayansi ya michezo, na wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio la watu 24 waliopandishwa baiskeli: waliofundishwa kujisemesha wakati wa kazi ngumu walidumu kwa takriban asilimia 18 zaidi kuliko mwanzo kabla ya kuishiwa, na wenzao ambao hawakufundishwa hawakuongeza kitu. Ila chagua maneno yenye kazi. "Mimi ni simba" ni neno la kupigia picha. Ya kwangu ni mafupi, ya kuuambia mwili ufanye nini: shusha mabega, legeza ngumi, hatua fupi. Nikibanwa na kichomi najiambia "toa pumzi yote", kwa sababu ndicho ninachotakiwa kufanya. Yaandike kwenye karatasi wiki moja kabla, uyatumie mazoezini, maana kichwa kilichochoka hakibuni neno jipya.

Marcora huyo huyo ana jaribio jingine, la 2009, ambalo limebadilisha namna ninavyoitumia siku ya kabla ya mbio. Watu walifanyishwa kazi ngumu ya akili kwa dakika 90, kisha wakapandishwa baiskeli. Walichoka mapema, kwa kama asilimia 15, ikilinganishwa na siku waliyotulia tu wakitazama filamu. Mapigo ya moyo hayakuwa na tofauti ya kueleza jambo hilo. Kilichotofautiana ni kwamba kazi waliiona nzito tangu mwanzo. Sasa fikiria mkimbiaji anayelala saa sita usiku akibishana kwenye kundi la WhatsApp juu ya nani atashinda kesho, au anayepiga hesabu za nauli ya kurudi mpaka alfajiri. Mwili umelala, kichwa kimeshakimbia nusu marathoni. Mimi Jumamosi jioni simu nampa mwenzangu. Nauli na namba ya kifuani nazimaliza Ijumaa.

Kuna jambo ambalo vijana wenye ari hawalipendi: kuacha. Eliud Kipchoge alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London 2012, akatoka mbio za uwanjani akahamia za barabarani na kushinda marathoni ya Hamburg mwaka uliofuata, akachukua dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2019 kule Vienna akakimbia marathoni kwa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Hakuna atakayeniambia mtu huyo hana kichwa. Paris 2024 aliacha baada ya kilomita 30. Mapaja yote mawili yakiwaka moto, pumzi ikikatika, hamu ya kukaa chini ikija na kuondoka, hayo vumilia, ndiyo mchezo wenyewe. Maumivu makali ya sehemu moja, yanayozidi kila hatua na kukufanya uchechemee, acha. Kizunguzungu, au baridi mwilini jua likiwa kali, acha na uite msaada. Sijali nani anakutazama.

Nimalizie na wanaolea vijana, kwa sababu neno "legelege" linatoka mdomoni haraka mno. Palikuwa na binti mmoja kwenye kundi letu aliyekuwa akianza vizuri na kuachwa kila tunapoongeza kasi. Kocha wake wa wakati ule akamtangaza mbele ya wenzake kuwa hana moyo wa mashindano. Mama yake akampeleka kupimwa: damu ilikuwa chini sana. Kwa wasichana wanaokimbia sana hilo si la ajabu, wanapoteza madini ya chuma kila mwezi, na chakula cha wengi ni ugali na mboga, nyama kwa bahati. Kabla hujamwambia kijana ajitume, muulize alilala saa ngapi, alikula nini, na mara ya mwisho alipima lini damu na malaria. Yule binti alipewa dawa, akapumzika mpaka daktari aliporidhika, akarudi. Msimu uliofuata tulikuwa tukiona visigino vyake tu, na siku hizi akifika kwenye kona ya kugeuzia hukaa chini, akanisubiri huku anafunga upya kamba za viatu ambazo hazijafunguka.