Pistoni imegoma kusogea kwenye kompyuta? Hesabu njia zake kwanza

Vijana wanaoniletea michoro yao ya injini ya kwenye kompyuta hapa Mtwara huja na tatizo lilelile. Injini imechorwa vizuri; pistoni, krankshafti (kranki, shafti inayozungushwa na pistoni) na konrodi (fimbo inayoviunganisha hivyo viwili) vimekaa mahali pake, lakini ukijaribu kuzungusha kranki hakuna kinachotikisika. Au kranki inazunguka peke yake huku pistoni ikielea hewani. Lawama huangukia kompyuta. Mara nyingi ninachokikuta ni maungio, yaani masharti ya kuunganisha kipande na kipande kwenye programu, yaliyowekwa bila hesabu, na dawa yake ni kalamu na karatasi.

Kama ndiyo unaanza, chagua injini unayoweza kuifungua na kuishika. Huku kwetu haiko mbali: mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa kwenye mikorosho ina injini ya silinda moja ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyia oili kwenye petroli. Haina vali wala kemshafti, hivyo vinavyosogea ni vichache. Tafuta iliyokufa kwa fundi, uifungue. Kwa programu ya kuchorea, mimi natumia FreeCAD. Ni ya bure, ukishaipakua huhitaji bando kuitumia, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 ina sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande.

Pima kwa venia, kile kipimio chenye taya. Kipimo kinachowasumbua wengi ni urefu wa konrodi, kwa sababu unahesabiwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, na katikati ya tundu hakuna pa kushika. Pima umbali kati ya kingo za ndani za matundu mawili, kisha ongeza nusu ya kipenyo cha kila tundu. Kumbuka pia kwamba mwendo wa pistoni ni mara 2 ya umbali kutoka katikati ya krankshafti hadi katikati ya pini ya kranki, ile inayoshika konrodi. Umbali huo ndio mkono wa kranki.

Sasa maungio, na hapa naomba usiharakishe. Kipande kilicho huru kina njia 6 za kusogea: 3 za kwenda na 3 za kuzunguka. Silinda na kasha la kranki vifungwe visisogee kabisa. Vinabaki vipande 3, yaani krankshafti, konrodi na pistoni yenye pini yake: jumla njia 18. Unachotaka ibaki ni njia 1 tu, ya kuzungusha kranki.

Wengi huweka bawaba 3, maungio yanayoruhusu kuzunguka tu (kranki kwenye kasha, konrodi kwenye pini ya kranki, konrodi kwenye pini ya pistoni) na ungio moja la kuteleza kati ya pistoni na silinda. Inaonekana sawa kabisa. Lakini kila moja ya hayo manne linazuia njia 5, jumla 20, na ulikuwa na 18. Mchoro kama huo unaweza kusogea ikiwa vipimo vyote vinakubaliana barabara. Pini moja ikipinda kidogo tu, programu inalalamika au inaganda.

Itazame injini yenyewe. Silinda ni ya duara, haiizuii pistoni kujizungusha. Konrodi ndiyo inayoizuia. Kwa hiyo kati ya pistoni na silinda weka ungio linaloruhusu kuteleza na kuzunguka pia, linalozuia njia 4. Kwenye pini ya kranki weka ungio la tufe, linaloruhusu kuzunguka pande zote na kuzuia 3. Bawaba 2 zilizobaki zinazuia 10. Jumla 17, inabaki 1. Ndiyo hiyo tuliyoitaka.

Kabla ya kuunganisha, sogeza vipande kwa mkono hadi karibu na vinapokaa kweli. Programu hutafuta jibu lolote linalotimiza masharti, na pistoni iliyopinduka chini ya kranki nayo ni jibu. Ukishamaliza, endesha mchoro kwa kuzungusha kranki. Ukivuta pistoni, utakwama inapofika juu kabisa au chini kabisa, kwa sababu hapo konrodi na mkono wa kranki viko kwenye mstari mmoja na kranki haina sababu ya kuchagua upande.

Kisha upe mchoro mtihani. Tuseme mkono wa kranki ni milimita 15 na konrodi ni 60. Zungusha kranki nyuzi 90 kutoka juu kabisa. Pistoni iwe imeshuka takriban milimita 16.9, zaidi ya nusu ya mwendo wake wa 30, kwa kuwa konrodi imelala upande. Ukipata 15 kamili, kuna ungio linalodanganya.

Ukifaulu, zungusha polepole uangalie kuta za silinda: tundu la eksozi lifunguke kabla ya yale yanayoingiza mchanganyiko mpya. Halafu ishushe pistoni hadi mwisho, uhakikishe sketi yake, yaani sehemu yake ya chini, haigusi uzito wa kusawazisha kranki.