Chenso mpya dukani: majibu kwa wanaotaka kununua

Mvua zikishakatika na malori kuanza tena kupanda Mufindi na Njombe kufuata mbao, maswali kuhusu chenso, yaani msumeno wa mnyororo, huja kwa wingi. Safari hii nimechagua yanayohusu kununua mpya, kwa muuzaji wa hapo hapo mjini kwako. Ya mashine mbovu yatapata zamu yake.

Shikamoo fundi. Nina ekari nne za misindano ya miaka minane, nataka kuipunguza. Muuzaji ananisukuma nichukue chenso kubwa "nisije nikajuta". Jirani anasema Stihl MS 070 ndiyo mashine ya wanaume. Nimsikilize nani? – Msomaji, Njombe

Marahaba. Kwanza chukua futi ya fundi cherehani uende shambani ukapime mti wako mnene kuliko yote, pale chini utakapopita msumeno. Zungusha futi, gawanya kwa tatu na ushee, umepata kipenyo. Misindano ya umri huo mingi haitazidi sentimita 20 hivi. Baa, lile bamba linalobeba mnyororo, ya sentimita 40, yaani inchi 16, inaimaliza kwa mkato mmoja na chenji inabaki.

Sasa angalia unachouziwa. Chenso ya daraja la Stihl MS 250 ina injini ya sentimita za ujazo 45.4, nguvu ya kilowati 2.3, na uzito wa kilo 4.6 kabla ya baa, mnyororo na mafuta. Ukipanda hadi MS 381 unafika sentimita za ujazo 72.2 na kilowati 3.9, na uzito unaruka hadi kilo 6.6. Kilo mbili si kitu ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Ukiwa umeinama kwenye mteremko, unakata mti wa arobaini na matawi yanakuchoma shingoni, kilo mbili ndizo zinazofanya mkono ulegee na baa iguse pasipotakiwa. Kazi ya kupunguza miti nusu yake ni kufyeka matawi, na kwa kazi hiyo mashine nyepesi ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu MS 070: ni injini ya karibu sentimita za ujazo 106, ilibuniwa zamani kwa magogo makubwa, na ina sifa zake za kweli kwa anayepasua gogo kuwa mbao porini. Lakini ni nzito kupita kiasi kwa kazi yako, na nyingi zinazouzwa hazina breki ya mnyororo. Kwa mtu anayenunua chenso ya kwanza, hilo peke yake lingetosha kunifanya nitoke dukani. Jirani yako mwachie wanaume wake.

Ungekuwa unakata milingoti minene, au umepata kazi ya kibarua kutwa nzima kule shamba la miti la Sao Hill, ningekwambia panda daraja: injini ya sentimita za ujazo 60 hadi 70, ya kundi la wakataji wa kazi, iwe Stihl au Husqvarna. Mashine ya mkulima haikuundwa kukata saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki.

Kaka, kuna duka wanauza Stihl kwa bei ya juu, na mtaa wa pili kuna duka lina mashine ileile, rangi ileile ya chungwa na kijivu, kwa chini ya nusu ya bei. Muuzaji anasema tofauti ni kodi tu. Ni kweli? – Msomaji, Mafinga

Kodi haiwezi kula nusu ya bei. VAT ya Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18, basi. Chini ya nusu ya bei maana yake ni moja kati ya mawili: ya wizi, au feki. Kwenye chenso, mara nyingi ni feki.

Ishike mkononi. Stihl ya kweli ina namba ya mashine yenye tarakimu tisa, imegongwa kwenye chuma cha injini yenyewe, si karatasi ya kubandika peke yake. Pitisha kidole, utaisikia. Kama hakuna namba, au imesuguliwa, au duka zima lina mashine zenye namba moja, rudisha mezani. Tazama maandishi: herufi zimekaa sawa, jina halijakosewa herufi, nchi ilikotengenezwa imetajwa. Tazama pia ukingo wa plastiki. Feki huwa na makali ya kalibu yaliyoachwa bila kusafishwa, hasa chini ya mpini wa nyuma.

Lakini wanaoiga wanazidi kujifunza, na ipo siku macho yatadanganywa. Kipimo ninachokiamini mimi ni spea. Mwambie muuzaji: leo sinunui mashine, niuzie sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo), ringi za pistoni na kamba ya kuwashia ya mashine hii hii. Wakala halisi atafungua kabati au atakuandikia namba ya kifaa na siku kitakapofika. Mwingine atakwambia "hii haiharibiki, bosi". Umeshajua uko wapi.

Sina ugomvi na mashine ya Kichina inayouzwa kwa jina lake. Zipo zinazofanya kazi ndogo vizuri, bei yake inaeleweka, na mnunuzi anajua alichonunua. Ugomvi wangu ni ile iliyovaa jina la mwenzake, kwa sababu pistoni ikila silinda hakuna wa kumrudia, na spea halisi mara nyingi hazikai sawasawa ndani yake. Kwa Tanzania, anayeshughulikia bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ukiwa Kenya kuna mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi. Lalamiko bila risiti halina miguu, kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na umwombe aandike aina na namba ya mashine. Anayesita kuandika namba amekujibu.

Nimenunua chenso kwa ajili ya kikundi chetu. Muuzaji alinikabidhi boksi limefungwa, akakataa kuiwasha, eti ikiwashwa si mpya tena. Wenzangu wananilaumu. Ningefanyaje? – Mama wa kikundi, Kilolo

Pole, dada. Hukukosea wewe, aliyekosa ni yeye. Kuikabidhi mashine ikiwa inanguruma ni sehemu ya alichokuuzia. Duka linalojua kazi hufungua boksi mbele yako, hufunga baa na mnyororo, hutia mafuta, huiwasha, halafu hukupa wewe uiwashe. Rudi na boksi, risiti na mwenzako mmoja, udai afanye hivyo. Na wengine mnaosoma, hivi ndivyo inavyopaswa kwenda.

Mnyororo kwanza, mashine ikiwa baridi. Unapaswa kulala kwenye baa bila kuning'inia upande wa chini, lakini ukiuvuta kwa mkono, ukiwa na glavu na breki imeachiwa, uteleze. Halafu sukuma kile kinga cha mbele ya mpini wa juu kuelekea kwenye ncha ya baa, usikie "tak". Hiyo ni breki. Jaribu kuuvuta mnyororo tena, usisogee hata kidogo.

Kisha kuwasha. Mashine iko chini, breki imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umekandamiza mpini wa juu, wa kulia unavuta kamba. Choki ikiwa imefungwa, utavuta mara chache mpaka injini ipige chafya moja. Hapo unaifungua choki, unavuta tena, inawaka. Wanaowasha mashine ikiwa hewani, wanaitupa chini huku wanavuta kamba, waache wafanye hivyo makwao.

Iache ingurume polepole, kisha ifungue breki. Hapa ndipo wengi hawaangalii: mnyororo lazima usimame tuli injini ikiwa taratibu. Ukijivuta wenyewe, fundi arekebishe skrubu ya mwendo wa chini papo hapo. Halafu weka karatasi nyeupe au kipande cha boksi sakafuni, shikilia ncha ya baa juu yake kama shubiri moja bila kugusa, ongeza moto sekunde chache. Mstari mwembamba wa oili utajichora kwenye karatasi. Usipojichora, oili haifiki kwenye mnyororo, na baa hiyo mpya itaungua kabla kikundi hakijamaliza shamba la kwanza. Mwisho izime, subiri dakika chache, iwashe tena ikiwa ya moto. Mashine nyingi zenye kasoro hujificha hapo.

Usiondoke bila spana yake, kitabu chake, na tupa ya saizi ya mnyororo wako. Kwa mnyororo wa hatua (nafasi ya viungo vyake) ya inchi .325 tupa ni ya milimita 4.8, kwa 3/8 ya kawaida Stihl wanatumia 5.2. Kwenye matangi matatu ya kwanza msiipandishe moto hadi mwisho ikiwa haikati kitu. Na mnyororo mpya hurefuka: kagueni mkazo kila mnapopumzika siku hiyo ya kwanza.

Muuzaji aliniambia nichanganye petroli na oili ya bodaboda, na kwenye mnyororo niweke oili chafu ya gari. Rafiki yangu anasema nitaua mashine. – Msomaji, Mbinga

Rafiki yako mnunulie soda. Bodaboda nyingi za siku hizi ni za mipigo minne. Oili yake, ile ya 20W-50, imetengenezwa ikae chini ya injini, si kuungua pamoja na petroli. Chenso ni ya mipigo miwili na haina tangi la oili ya injini. Kinachoilainisha pistoni ni kile tu ulichochanganya. Tumia oili iliyoandikwa 2T au two-stroke. Kwa oili ya mtengenezaji wa mashine, kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50: mililita 20 kwa lita moja, mililita 100 kwa dumu la lita tano. Oili nyingine za mipigo miwili huenda zikataka 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua, si kifuniko cha chupa ya soda kinachopimia mafundi wengi. Changanya ya kukutosha mwezi mmoja, si zaidi, na tikisa dumu kabla ya kumimina.

Oili chafu ina vumbi la chuma lililotoka kwenye injini ya mtu. Unalipeleka kwenye pampu ndogo ya oili na kwenye mfereji wa baa, na linalobaki linakurukia mikononi na usoni kutwa nzima. Si kitu cha kuweka kwenye ngozi. Oili ya mnyororo ikikosekana mjini kwenu, afadhali oili safi ya injini, SAE 30 au 40, ambayo haijatumika. Kila ukijaza petroli, jaza na oili ya mnyororo.

Za betri vipi? Nina miparachichi tu. – Msomaji, Rungwe

Kwa kupogolea miparachichi, na umeme upo nyumbani, inafaa sana: nyepesi, haina kamba ya kuvuta, haina kabureta. Uliza bei ya betri ya pili kabla hujaulizia ya mashine.

Pesa imebaki kidogo. Ninunue mnyororo wa ziada au ile kofia yenye wavu? – Kijana anayeanza, Makambako

Kofia, mdogo wangu. Mnyororo unaweza kuunoa kwa tupa, jicho halinolewi. Chenso ya petroli inapiga kelele karibu desibeli 100 au zaidi sikioni, kwa hiyo chagua kofia yenye vifunika masikio pamoja na wavu. Ukipata pesa tena, nunua suruali ya kinga: ndani yake kuna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa hujisokota kwenye sproketi na kuusimamisha. Viatu vigumu unavyo? Kandambili sitaki kusikia.

Na mwombe muuzaji akuonyeshe robo ya juu ya ncha ya baa. Sehemu hiyo ikigusa gogo mnyororo ukiwa kasi, mashine inaruka nyuma kuelekea kichwani kabla hujafikiri. Usikate kwa sehemu hiyo, na usikate juu ya usawa wa bega.

Miti ni yangu, shamba ni langu, chenso ni yangu. Bado kuna karatasi za serikali? – Msomaji, Ludewa

Zipo, mzee wangu. Kabla hujaiingiza mashine shambani, pita ofisi ya wilaya ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, wakueleze utaratibu wa kusajili msumeno na kibali cha kuvuna, na mbao zikiwa tayari kusafiri utahitaji hati ya kusafirishia, ile TP. Nenda na risiti na namba ya mashine mkononi, usije ukarudishwa kuvifuata.