Kutu pembeni ya weldi: usianze kwa kulaumu stenlesi

Wenye matangi ya maziwa wanaokuja kwetu Katwe huwa na shtaka moja: "Fundi, hii stenlesi ni feki." Wengi wamebeba na sumaku ya ushahidi, wakiamini stenlesi halisi haishiki sumaku. (Nasema Katwe ya Kampala, si ile ya Kasese, ambako chumvi ya ziwa ilitafuna mabomba ya kiwanda cha chumvi.) Sumaku haitoshi. Stenlesi ina madaraja: ya 201 haishiki sumaku, lakini hupata kutu upesi kuliko ya 304. Na 304 halali hushika kidogo ikishakunjwa au kuchomelewa.

Mimi hutazama kwanza kutu imekaa wapi. Vidoa vilivyotapakaa ovyo, hata mbali na weldi, mara nyingi ni unga wa chuma cha kawaida. Grainda imetoka kusaga geti, diski ileile ikahamia kwenye tangi. Karakana zetu nyingi hufanya kazi zote mbili kwenye meza moja, na ugonjwa huanzia hapo. Tenga diski na brashi za stenlesi, zitie alama, na uwe mkali kwa wanaoziazima.

Kutu ikikaa juu ya ile rangi ya bluu na kahawia iliyoachwa na moto, weldi haikusafishwa. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba wa oksaidi ya kromi; joto huuharibu na kuacha chini yake tabaka lenye kromi pungufu. Ajabu ni kwamba wapo wanaoiacha rangi hiyo kama pambo! Isugue mpaka chuma kiwe cheupe, au tumia dawa ya asidi ya kusafishia weldi. Dawa hizo nyingi zina asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kufika mfupani. Bila glavu, miwani na hewa ya kutosha, bora usugue.

Mstari wa kutu unaokwenda sambamba na weldi, milimita chache pembeni, ni jambo jingine: chuma kilikaa sana kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, kaboni iliyomo ikajichukulia kromi inayokilinda. Bati la milimita 1 au 2 hupoa haraka, halinisumbui. Kwenye vipande vinene nadai 304L, yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na waya wa kuchomelea wa 308L.

Halafu muulize mteja anaoshea nini. Dawa ya klorini ikilala tangini usiku kucha hutoboa hata weldi safi. Asuuze papo hapo kwa maji mengi. Mimi humwandikia hilo kwenye risiti.