Kichanga na bibi mwenye kisukari: tuwakinge vipi na mafua msimu wa baridi?

SWALI: Daktari, naandika kutoka Makambako. Nina mtoto wa miezi 3, na tunaishi na mama mkwe wangu mwenye miaka 76, ambaye ana kisukari. Kila ifikapo Juni wanangu wakubwa huja na mafua kutoka shuleni, na baada ya siku chache nyumba nzima inakohoa. Tumekuwa tukifunga madirisha usiku na mchana na kuweka jiko la mkaa chumbani ili kichanga na bibi wasipigwe na baridi. Je, kuna chanjo ya kuwakinga? Na ni sawa kuwaanzishia amoksilini mapema, kabla ugonjwa haujakolea?

JIBU: Dada, naanza na hilo jiko, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Na hata pasipotokea maafa hayo, moshi hudhoofisha vinyweleo vidogo vya njia ya hewa ambavyo kazi yake ni kuondoa kamasi na vijidudu kabla havijafika mapafuni. Usiku wa leo litoeni, na joto mlitafute kwenye kofia, soksi na mablanketi.

Baridi peke yake haileti mafua. Mafua huletwa na virusi, ambavyo hudumu zaidi katika hewa baridi na kavu, na ambavyo hustawi hasa kwa sababu msimu huo watu wengi hukaa pamoja wakivuta hewa ileile isiyobadilishwa. Kwa hiyo jua likishapanda, fungueni madirisha yanayotazamana kwa muda wa kama robo saa, na mrudie mchana, huku bibi na mtoto wakiwa wamevikwa vizuri.

Mlango mkubwa wa virusi nyumbani kwenu, kwa maelezo yako, ni wanafunzi. Kirusi kinachoitwa RSV humpata karibu kila mtoto kabla hajatimiza miaka 2. Kwa mtoto wa shule huonekana kama mafua ya kawaida, lakini kwa kichanga, ambaye mirija yake ya hewa ni myembamba mno, na kwa mzee mwenye maradhi ya kudumu, kinaweza kushuka hadi mapafuni. Husafiri kwa matone ya kikohozi na kwa mikono, na mtu anaweza kukiambukiza siku moja au mbili kabla hajaanza kuugua. Ndiyo maana watoto wanawe kwa sabuni kila warudipo kutoka shule, si siku za kuugua tu, na anayekohoa asilale chumba kimoja na kichanga wala bibi. Wewe mwenyewe ukipata mafua endelea kumnyonyesha, ukiwa umevaa barakoa na kunawa mikono. Wageni wanaokuja kumwona mtoto ni jambo gumu zaidi, maana mkwe hawezi kumnyima shangazi wa mume kumbeba mtoto. Neno hilo aliseme mumeo.

Kuhusu chanjo, angalia kadi ya kliniki: chanjo ya nimonia na ile ya penta (ya magonjwa matano kwa pamoja) hutolewa katika wiki ya 6, 10 na 14, hivyo dozi ya tatu imekaribia. Hazizuii mafua, bali huzuia baadhi ya bakteria ambao huvamia mapafu yaliyokwisha kudhoofishwa na virusi. Chanjo ya mafua ya msimu hurudiwa kila mwaka na ingemfaa sana bibi, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa. Ulizia katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Ipo pia chanjo ya RSV ya mjamzito, ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza itolewe kuanzia wiki ya 28 ili kinga impitie mtoto tumboni. Kwa huyu umechelewa, ila iulizie ukipata mimba nyingine.

Amoksilini ni dawa ya bakteria, haiui virusi. Ukiitoa mapema huzuii chochote, unampa kichanga hatari ya kuharisha na kuwazoesha bakteria dawa. Asali pia asipewe kabla ya mwaka mmoja.

Badala yake, mhesabie kichanga pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, mpeleke kituo cha afya wakati huohuo bila kupitia duka la dawa.

Kwa bibi msisubiri homa, kwani wazee wengi hupata nimonia bila kuchemka. Dalili huweza kuwa kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kuanguka ghafla au sukari kupanda bila sababu. Na kikohozi chake kikifika wiki 2, apimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali, na kwa kuwa kichanga huambukizwa kwa urahisi na mtu anayeshinda naye, asingoje msimu wa baridi uishe.