Re: Land Rover ya 1959, rangi mpya, je bei ni halali?

Salaam mkuu. Umeuliza kama hiyo Land Rover fupi ya 1959 uliyoonyeshwa Kigamboni inastahili bei anayotaja dalali, kwa kuwa "bodi haina kutu hata chembe".

Bodi isikubabaishe. Bodi ya hizo gari ni aluminiamu, haipati kutu kama bati la chuma. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ndiyo chuma, na hewa ya chumvi ya pwani yetu inaila taratibu, tena kutokea ndani. Lala chini na nyundo ndogo, gonga kuanzia nyuma kabisa pale inapofungwa ndoano ya kuvutia, kisha mikono ya springi, pale springi zinaposhikwa na chesisi. Mlio mkavu ni mzima. Ukisikia mlio mzito uliofifia au magamba yakadondoka, hapo pana kazi ya kuchomelea. Ikiwa imepakwa lami nzito juzi juzi, mimi naanza kushuku kuwa inaficha kutu. Angalia pia ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu yako, hasa kona za chini. Kuutengeneza vizuri ni ghali kuliko kufungua injini.

Injini ya petroli ya cc 2286 (ujazo wake) isikutishe, inavumilia na mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaifahamu.

Halafu kadi ya usajili wa gari. Namba ya chesisi imegongwa karibu na springi ya mbele kulia. Isipolingana na kadi, usitoe hata shilingi ya kishika uchumba.

Chesisi ikiwa imeoza, toa gharama ya kuibadilisha kwenye bei yake. Akikataa, mwachie gari lake.