Mmeniuliza kama Uingereza wanafukuza wageni, haya nawajibu

Haya jamani, voisi zenu nimezisikiliza zote, ya mama mdogo, ya shemeji wa Makorora, na ile ndefu ya mdogo wangu aliyorekodi barabarani Ngamiani mpaka bodaboda zikawa zinaongea kuliko yeye. Swali lenu ni moja tu, mmesikia bunge la huku wanabishana kuhusu vibali vya wageni na faini za waajiri, kwaiyo je tunafukuzwa, na je yule ajenti anayetaka milioni 25 amtafutie mdogo wangu kazi ya kulea wazee apewe au asipewe. Asipewe. Sasa tulieni niwaeleze kwa nini.

Kufukuzwa hatufukuzwi, wenye makaratasi tupo tunapiga boksi, yaani vibarua vya huku, kama kawaida. Ila bungeni kweli kumechemka, tena sio jana wala juzi. Mei 2025 serikali ilitoa waraka wa kukaza uhamiaji, Julai 22 mwaka huo huo masharti mapya yakaanza, alafu Disemba ikapita sheria ya mipaka ambayo pamoja na mambo mengine inataka hata wale vijana wa kupeleka chakula kwa baiskeli na pikipiki wakaguliwe ruhusa ya kazi kama waajiriwa wengine, maana ilikuwa mtu anakodi akaunti ya mwenzie anaingia barabarani na hakuna anayemuuliza. Ukisikiliza wabunge, huyu anasema wageni wanashusha mishahara, huyu anasema mkiwazuia nani atawaosha wazee wetu, wakichoka wanapiga kura wanaenda kunywa chai.

Lakini msichokijua ninyi huko ni faini inavyofanya kazi. Tangu Februari 2024 mwajiri akikutwa na mtu mmoja asiye na ruhusa ya kazi anaweza kupigwa mpaka pauni 45,000, akirudia ni 60,000, na hiyo ni kwa kichwa, sio kwa kampuni. Zamani ilikuwa 15,000 na 20,000. Pauni 45,000 ni zaidi ya milioni mia moja za kwetu, mwenye kimgahawa chake cha meza sita hapo ameisha. Na kama alijua kabisa kuwa huyu hana ruhusa hilo ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka mitano.

Mnaweza kusema safi sana, wabanwe mabosi. Mimi nawaambia njooni muone inavyoshuka chini. Kazini kwetu ukiajiriwa unaingia kwenye tovuti ya serikali na simu yako, unapewa msimbo wa herufi na namba, jumla tisa (wenyewe wanaita "share code"), meneja anauingiza na tarehe yako ya kuzaliwa, picha yako inatokea, anaiangalia, anakuangalia wewe, anairudia tena picha, anaprinti, anaandika tarehe kwa kalamu anatia kwenye faili. Siku moja tovuti imegoma, kuna dada mgeni ndio shifti yake ya kwanza, kaja na mvua koti linachuruzika, viza anayo halali kabisa, meneja akamwambia rudi nyumbani mpaka mtandao ukubali. Hakuwa na roho mbaya yule meneja, tena alimwita mpenzi na nini, ila faini ile anaiona usingizini. Dada wa watu akarudi kituoni kusubiri basi, na shifti asiyoifanya hailipwi.

Huyo ni mwajiri muoga. Mwajiri mjanja yeye ana hesabu zake, akipigwa faini kwa mara ya kwanza na akalipa ndani ya siku 21 anapunguziwa asilimia 30, akiona nzito anaifilisi kampuni anafungua nyingine kwa jina la mkewe, mlango ule ule, sufuria zile zile. Aliyekamatwa anaosha vyombo ndio anapelekwa kizuizini, na mshahara aliokuwa anaidai mle ndani ndio basi tena, atamdai nani akiwa Dar?

Alafu kuna sisi wenye ufadhili, yaani kampuni ndio imekuombea uje. Hapa ndio nataka mdogo wangu asome mara mbili. Viza yako imefungwa kwa bosi mmoja. Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya huku, ikimnyang'anya bosi wako leseni ya kuleta wageni, kwa makosa yake yeye, kodi zake au mafaili yake mabovu, wewe unaandikiwa barua na kwa kawaida unapewa siku 60 upate mfadhili mwingine au uondoke. Nimeona wanawake wazima wakituma maombi usiku kucha baada ya shifti, waliuza ng'ombe na viwanja kwao Zimbabwe na Nigeria kuja huku, na kampuni inakwambia leo hatufadhili. Kwaiyo bosi akikupunguzia masaa unanyamaza, akikukata hela ya gari la kampuni unanyamaza. Hilo bungeni wenzenu tulio kazini tungependa lipigiwe kelele kama zinavyopigiwa faini, maana mtu asiyeweza kuhama kwa bosi ndio anayefanyishwa kazi kwa bei ya kutupa, na huyo ndio wanayemlalamikia kuwa anashusha mishahara.

Na msininunie, ila nacheka mnavyowatukana Waingereza. Julai 2025 serikali yetu ilipotoa amri kwamba wageni wasifanye biashara 15, kutengeneza simu, wakala wa pesa za simu, saluni, kuongoza watalii, nani hakushangilia hapo nyumbani? Faini kuanzia milioni kumi, na Mtanzania atakayemsaidia mgeni naye milioni tano au miezi mitatu ndani. Na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni tunayo tangu 2015, mgeni anayefanya kazi kwenye bomba la mafuta pale Chongoleani kibali chake nacho kina jina la mwajiri wake. Sisemi ni vibaya, nchi yoyote ina haki ya kuangalia watu wake kwanza, nasema tu huku mimi ndio yule Mchina wa Kariakoo mnayemlalamikia.

Turudi kwa ajenti. Mdogo wangu, kazi ya kulea wazee kwa mtu anayetoka nje ya Uingereza ilifungwa hiyo hiyo Julai 22, 2025. Imefungwa, sio imekuwa ngumu. Na hata kabla ya hapo, kuanzia Machi 2024 mlezi mpya alikuwa haruhusiwi kuja na mume wala watoto. Zilizobaki kwa wengi ni kazi za ngazi ya digrii na mshahara kuanzia pauni 41,700 kwa mwaka, manesi na madaktari wana viwango vyao. Sasa mtu anayekuuzia ulezi leo anakuuzia mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe tupu. Na cheti cha ufadhili, ile karatasi ya mwajiri ya kuombea viza, hakiuzwi, ada yake mwajiri ndio anailipa serikalini, ilikuwa pauni 525 toka Aprili 2025, na sheria inamkataza kukubebesha wewe. Ukisikia "lipa nusu sasa nusu viza ikitoka" kunywa kahawa yako uondoke.

Kujilipua, yaani kuja kuomba ukimbizi, pia sikushauri, najua kuna waliofanikiwa na mnawataja, wale ambao wanakaa hotelini miezi hawaruhusiwi kufanya kazi hawawapigii simu.

Mama mdogo hati ya kiwanja cha Pongwe airudishe kabatini. Kama huyo ajenti ana jina la kampuni nitumieni, orodha ya kampuni zenye leseni ya ufadhili ipo wazi kwenye tovuti ya serikali, naangalia dakika mbili tu. Asipotoa jina mpaka alipwe basi hapo hakuna cha kuangalia. Nipo shifti za usiku wiki hii yote, nikichelewa kujibu nimelala.