Mtoto Anayeuma Wenzake: Tazameni Saa Kwanza

Swali lenu la wiki hii linauliza mlezi afanye nini mtoto wa miaka mitatu anapouma wenzake au kujitupa chini, ikiwa hataki kumchapa. Mimi ni mwalimu wa chekechea mjini Tanga, na nashauri tuanze kwa kutazama ni saa ngapi na ni kitu gani kilichotangulia, kwa kuwa mtoto ambaye maneno bado hayamtoshi husema kwa meno na kwa miguu.

Mwaka jana nilikuwa na mvulana aliyeuma wenzake watatu ndani ya juma moja. Nilipoandika kila tukio kwenye daftari, niliona kwamba yote yalitokea karibu na saa nne asubuhi, watoto wakiwa kwenye foleni ya kunawa mikono kabla ya uji, naye yuko katikati, njaa imembana na wa nyuma anamsukuma. Tukampa kazi ya kushika kopo na kuwamiminia wenzake maji. Ikitokea ameuma, nilimhudumia kwanza aliyeumwa, jambo ambalo wengi wetu hulisahau, maana mtoto akiona kuuma ndiko kunakomleta mwalimu mbio, ataendelea kuuma. Kisha nilichuchumaa mbele yake nikamwambia kwa sauti ya chini, "Amekusukuma, umekasirika. Kuuma kunaumiza. Sema: nipishe." Ilichukua zaidi ya mwezi, na hata baada ya hapo, siku moja ya mvua uji ulipochelewa, aliuma tena.

Najua wapo watakaonijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ila samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, wala sijamwona anayemkunja kwa fimbo. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, ambayo haikufuta viboko, inaeleza katika kifungu cha 13 kwamba kumrudi mtoto hakuna uhalali ikiwa kwa udogo wa umri wake hawezi kuelewa kusudi lake.

Mwishoni mwa muhula bibi wa mvulana yule alikuja shuleni akilalamika kwamba mjukuu siku hizi anamwambia "nipishe" mlangoni mwa jiko, naye aliona ni utovu wa adabu. Nilimsimulia kisa chote, akacheka, tukakubaliana kwamba nyumbani afundishwe kusema "naomba nipite, bibi."